Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Jua la Usoke lilipochomoza, Yustina alikuwa ameshateka ndoo mbili za maji, amefagia uwanja, na sasa alikuwa amechuchumaa jikoni akikoroga uji. Asiyemjua angesema mtoto huyu kazaliwa na bidii. Bidii anayo, tusimnyime haki yake. Lakini mwaka ule wote alikuwa akikimbilia kazi kwa sababu nyingine: mikono ikikaa bure, mawazo huja, na mawazo yake yalikuwa ya aina moja tu.

Mdogo wake, Nestory, akatoka ndani akiwa amevaa sweta la darasa la awali, nyuma mbele. Alikuwa na miaka mitano na maswali ya mtu wa miaka hamsini.

"Dada, baba alikuwaje?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Alikuwaje vipi?"

"Marko kaniuliza jana shuleni. Nikamwambia mrefu. Akasema, mrefu na nini tena? Nikakosa." Nestory akasugua pua kwa mkono wa sweta. "Dada, sauti yake siikumbuki. Uso nao unaondoka. Niambie."

Yustina akafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake, na hakuwahi kumwambia mtu. Kila alipomtafuta baba yake kichwani, alimkuta mahali pamoja tu. Alimkuta mlangoni, asubuhi ile ya Agosti mwaka jana, ameshika baiskeli. "Haya mama, nakwenda," baba alisema. Alimwita mama kwa sababu alirithi jina la bibi yake, aliyemzaa baba. Siku ile Yustina alikuwa amenuna. Baba aliahidi kumpeleka Tabora mjini kwenye maonyesho ya Nane Nane, kisha akaahirisha. Basi yeye akageukia ukuta, asimjibu. Baba alisubiri kidogo, akaondoka. Saa nne ya asubuhi hiyohiyo, lori lilimgonga kwenye njia ya Urambo, na hakurudi tena.

Sasa hayo utamwambiaje mtoto wa miaka mitano? Kwamba baba alikuwa mrefu, na dada yako hakumuaga?

"Yustina, uji unashika chini!" mama yao, Demetria, aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Macho yake yalionyesha. "Nestory, geuza sweta hilo, unywe uji, utachelewa."

Mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia siku zote. Katika nyumba ile marehemu alikuwa hatajwi. Picha yake ilishushwa ukutani, redio yake akapewa baba mdogo, kofia yake ikafungiwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo hapo nyumbani ilikuwa imetimia kabisa.

Kabla hawajaondoka, kengele ya baiskeli ililia uwanjani. Alikuwa katekista Benjamini.

"Mama Yustina, padre amekubali," alisema bila hata kushuka. "Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja itakuwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Baada ya chakula, mtoto mkubwa atasema neno kwa niaba ya watoto. Dakika tano zinatosha."

Demetria akamtazama binti yake. "Nadhani baba yake mdogo ndiye atakayesema. Huyu hawezi."

"Nitasema mwenyewe," akasema Yustina.

Wote wawili wakamgeukia. Hata yeye alijishangaa. Lakini alikuwa ameliona sweta la Nestory, amesikia "uso nao unaondoka," na kitu ndani yake kikakaza mshipi. Alikuwa na wiki tatu na siku moja. Katika siku hizo angemtafuta baba yao, baba mzima, si yule wa mlangoni, amrudishe kwa Nestory kabla mtoto hajamsahau moja kwa moja.

Siku hiyo kipindi cha tatu kilikuwa Sayansi. Mwalimu Jenifa alifundisha darasa la sita, na alikuwa na kawaida ya kuanza na swali lisilokuwemo kitabuni.

"Jumanne ya wiki iliyopita, usiku mlikula nini?"

"Ugali, mwalimu," mmoja akabahatisha.

"Na nini?"

"Na... mboga."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Haya. Nani amewahi kuumwa na nyuki?"

Wee! Mikono ikajaa hewani. Huko Usoke, nyuki ni majirani. Asiyedungwa labda ni mgeni wa jana. Mvulana mmoja hakusubiri kuchaguliwa. "Mimi, mwalimu! Nilikuwa nimetumwa kuni, jioni, nimevaa fulana nyekundu, nyuki walikuwa kwenye mninga, wakanidunga saba, mmoja hapa kwenye sikio!"

"Lini hiyo?"

"Nikiwa darasa la pili!"

"Miaka minne imepita, unakumbuka mpaka rangi ya fulana. Ugali wa Jumanne umekushinda." Mwalimu Jenifa akachora kichwa cha mtu ubaoni, kibaya kweli, wakacheka tena. "Sikilizeni. Ukiogopa, ukihuzunika sana au ukikasirika, moyo hudunda na mwili humwaga homoni kwenye damu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotulinda na hatari. Hiyo huiambia sehemu ya kumbukumbu: hili lishike, usiliachie, kesho litakuokoa. Ndiyo maana hupiti tena chini ya ule mninga. Ugali wa Jumanne haukuhatarisha maisha ya mtu, basi ubongo umeuacha ukaenda zake."

Wenzake walipotoka kwenda mapumziko, Yustina alibaki.

"Mwalimu, na yale ya furaha yanakwenda wapi?"

Mwalimu Jenifa alimtazama vizuri. Alikuwa akifahamu msiba ule. Kijiji kizima kilifahamu. Akavuta kiti. "Kaa. Una lipi?"

Kwa mara ya kwanza Yustina akalisema: mlango, baiskeli, ukuta.

"Asubuhi hiyo unaikumbuka mara ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Kila siku. Nikilala, nikiteka maji, hata kanisani."

"Na siku mlizocheka na baba, nyumbani mnazisimulia mara ngapi?"

"Hatuzisimulii, mwalimu. Hatumtaji."

Mwalimu akaguna. "Sasa tazama. Kumbukumbu ni kama vijia vyetu vya porini. Kinachopitwa kila siku hupanuka, baiskeli zikapita, mwisho hata trekta. Kisichopitwa huota nyasi. Wewe asubuhi ile umeipita kila siku mwaka mzima. Zile siku njema hazijafa, Yustina. Zimeota nyasi tu."

"Nitazipataje?"

"Za huzuni huvunja mlango zikaingia zenyewe. Za furaha zina adabu mno, zinangoja kuitwa. Ziite kwa harufu ya kitu chake, kwa wimbo wake, kwa chakula mlichokula pamoja. Zaidi ya yote, ziite kupitia mtu aliyekuwepo. Nani alikuwa akicheka na baba yako kuliko watu wote?"

Yustina alilijua jibu hapohapo. "Mzee Pazi."

"Si yupo kwenye nyumba za reli? Nenda leo."

"Siwezi, mwalimu. Nilimfukuza msibani."

Hapa yafaa nieleze, maana si kila msomaji amekulia Unyamwezini. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani wa tangu na tangu. Utani huo ulianza zamani za misafara, mababu wa Kinyamwezi walipokuwa wakitembea miezi na mizigo mabegani hadi pwani, wakalala kwa Wazaramo, wakagombana nao, wakala nao, wakazikana. Mtani hukutukana usoni na wewe hukasiriki. Na msibani mtani ana kazi yake rasmi: huigiza mwendo wa marehemu, huvaa nguo yake, huzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka. Ndivyo walivyoachiwa na wazee.

Mzee Pazi alikuwa Mzaramo aliyepunga bendera stesheni ya Usoke miaka thelathini na moja. Alipostaafu akakataa kurudi kwao Kisarawe. Yeye na Leopoldi, baba yake Yustina, walikuwa hawapitani bila kutukanana. Basi siku ya maziko, Mzee Pazi alikuja amevaa kofia ya pama ya Leopoldi, ile aliyokwenda nayo kwenye mizinga yake ya nyuki, akatembea kwa miguu iliyotazama pembeni kama Leopoldi mwenyewe. Waombolezaji wakaangua kicheko. Yustina, ambaye hakuwahi kuona mtani akifanya kazi yake kwenye msiba wa nyumbani, aliona mtu mmoja tu: mzee anayemcheka baba yake aliyekufa.

Alimrukia. Alimpokonya kofia. "Toka! Mchawi wewe! Unamcheka baba yangu!" Kisha akaanguka akazimia. Alipozinduka, Mzee Pazi alikuwa ameondoka, na hakukanyaga tena uwanja ule.

Jioni hiyo Yustina alimkuta mama yake akianika michembe juu ya paa la chini la jiko, vipande vyeupe vya viazi vitamu vimepangwa vikitazama jua la mwisho.

"Mama, naomba kofia ya baba."

Demetria hakugeuka. "Ya nini?"

"Nataka kumkumbuka."

"Utaumia bure, mwanangu."

"Ninaumia sasa hivi, mama! Kila siku ninaumia. Kwa nini hatumtaji baba? Amekosa nini?"

Mama akaacha michembe. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akafunika uso kwa kanga, na Yustina akaona mabega yake yanatikisika. Lo! Mwaka mzima hakuwahi kumwona mama yake akilia.

"Kwa ajili yako," mama alisema baadaye. "Siku ile ulizimia, tukadhani tunazika wawili. Shangazi zako wakaniambia, usimtaje mbele ya mtoto, atazimia tena. Nikaficha kila kitu. Wakati mwingine nataka kucheka nikikumbuka vituko vyake, nakimbilia chooni nikacheke huko."

Yustina hakujua kama acheke au alie. Kumbe kimya kile alikisababisha yeye! Wakubwa walikuwa wakimlinda yeye, na yeye alikuwa akidhani wamemsahau baba.

"Sitazimia," akasema. "Nina neno la kusema kwenye kumbukumbu, na Nestory anamsahau baba. Kesho nakwenda kwa Mzee Pazi."

Mama akajifuta machozi, akaingia ndani. Yustina alisikia sanduku la bati likiburutwa na kufuli likifunguka. Demetria akarudi na kofia, kahawia, ukingo umeliwa na jua. Yustina akaipeleka puani. Moshi. Nta. Na jasho kidogo. Akaona, kwa kufumba na kufumbua, kidole kinene chenye asali kikija kinywani mwake na sauti ikisema, "Onja, mama, usimwambie mtu." Ikapotea. Lakini ilikuwa imekuja.

"Na michembe ya mwezi uliopita ipo kwenye kapu," mama aliongeza. "Mpikie. Huwezi kwenda kwa mtani mikono mitupu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Yustina akashika njia ya stesheni, kofia mkono mmoja, bakuli la michembe iliyopikwa na karanga mkono wa pili. Mara mbili alisimama. Mara mbili akajiambia, twende.

Mzee Pazi alikuwa amekaa kwenye mbuzi nje ya nyumba yake, anakuna nazi aliyotumiwa na ndugu zake kwa treni. Hakumwona mpaka alipokuwa hatua tano tu.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba." Mzee akainua kichwa, akaiona kofia, mkono wake ukasimama ndani ya kifuu.

"Nimekuja kukuomba radhi," Yustina akasema harakaharaka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Siku ya msiba nilikuita mchawi. Sikujua kazi yako. Nisamehe."

Mzee Pazi akaiweka nazi chini, akamkazia macho. Yustina akaanza kutazama alikotoka.

"Wewe mtoto huna adabu hata chembe," mzee alisema mwishowe. "Umeona wapi mtani akaombwa radhi? Unataka kuvunja utani wa mababu? Mtani hutozwa faini!"

"Nimeleta michembe."

"Michembe nitakula, hiyo si faini, hiyo ni haki yangu. Faini yako ni kunitukana. Siku ile ulinitukana vibaya, matusi hayana hata chumvi. Leo nitukane vizuri. Anza."

"Mzee Pazi..."

"Wapi! Mzee wa nini tena? Anza upya!"

Yustina akatazama huku na huku. Akaiona nazi. "Wewe Mzaramo," akaanza, "bahari yote ile ulikimbia nini, mpaka ukaja kukuna nazi Usoke? Na nyuki wenyewe unawaogopa! Ulikimbia kwenye tumbaku ya watu ukaacha kiatu!"

Mzee Pazi akacheka mpaka akateleza kwenye mbuzi, akaketi chini. "Ewe Leopoldi! Mnyamwezi huyu, hata hilo alikusimulia!"

"Hakunisimulia," Yustina alisema polepole. Alikuwa amesimama kama aliyesikia mtu akimwita kwa mbali. "Nilikuwepo."

Alikuwepo kweli. Alikuwa na miaka saba, amekaa kwenye keria ya baiskeli. Baba alikuwa amemshawishi mtani wake aje kuona mzinga. Nyuki watatu tu, watatu wenye kuhesabika, walimsogelea Mzee Pazi, naye akatimka katikati ya mistari ya tumbaku huku akiita majina ya babu zake wote. Baba alicheka mpaka baiskeli ikamponyoka, na yeye Yustina akaanguka nayo, akaumia goti, lakini akaendelea kucheka. Akaliangalia goti lake. Kovu lilikuwepo. Miaka yote alikuwa akitembea nalo.

"Vaa kofia," alimwambia mzee. "Tafadhali. Fanya kama ulivyofanya siku ile."

"Utazimia?"

"Sizimii."

Mzee Pazi akainuka, akajikung'uta, akavaa kofia. Akakohoa mara tatu, kwa uzito, kama Leopoldi alivyokohoa kila Jumapili kabla ya kuimba besi. Akageuza nyayo zake pembeni, akatembea mpaka kwenye reli na kurudi, akimwamkia kila mtu wa kufikirika: "Mheshimiwa! Habari za nyumbani, mheshimiwa?" Machozi yalimtoka Yustina, yakamfika kidevuni, na kinywa chake kilikuwa kinacheka.

"Tena," akasema.

Walipochoka wakakaa kula michembe.

"Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo," Mzee Pazi alisema akitafuna. "Watu wakimtazama maiti amelala, watabaki na picha ya aliyelala. Mimi ninamsimamisha, ninamtembeza mara ya mwisho, waondoke wakimkumbuka akitembea."

Yustina akakusanya karanga kiganjani, asizile. Alikuwa na neno moja bado, lile kubwa. "Mzee Pazi, asubuhi ile baba aliniaga, sikumjibu. Nilimnunia. Alikwenda kufa na uchungu wangu."

Mzee aliacha kutafuna. "Nani kakwambia alikuwa na uchungu?"

"Hakuna. Ninajua."

"Hujui kitu! Alipita hapa. Hapahapa! Anaendesha baiskeli, anacheka peke yake. Nikamwambia, Mnyamwezi, umeokota nini? Akashuka. Akasema, 'Mtani, mama yangu kaninunia leo, njoo uone.' Akageuka, akautazama ukuta wa stesheni, akatoa mdomo hivi." Mzee Pazi akatoa mdomo, mrefu, wa kununa, na Yustina akajiona mwenyewe. "Akasema, 'Ni bibi yake mtupu! Hivi ndivyo mama alivyokuwa akimnunia mzee.' Tukacheka mpaka stesheni masta akatoka kutuuliza kuna nini. Akapanda baiskeli, akasema, 'Nikirudi nitambeba mgongoni mpaka mjini, atacheka tu huyu.' Akaenda. Aliondoka hapa anacheka, mwanangu. Hilo nilitaka kukwambia siku ileile ya maziko."

Yustina alilia kwa sauti, pale nje ya nyumba za reli, mchana kweupe, wala hakujali nani anapita. Mzee akamwacha alie. Baadaye Yustina akamuuliza, "Mbona hukurudi kuniambia?"

Mzee akainamisha kichwa. "Ulinifukuza, nikafukuzika. Hilo ndilo kosa langu. Kama mtani halisi ningerudi kesho yake na kelele zangu. Nimekuacha na mzigo mwaka mzima. Nitoze faini."

"Faini yako," Yustina alisema akijifuta, "ni kuja nyumbani kila Jumapili."

Na akaja. Jumapili ya kwanza, Nestory alijificha nyuma ya mama. Ya pili, alikuwa ameshakalia goti la mzee. Yustina hakulegea katika kazi yake: kila jioni wakati wa kula, alidai kila mtu atoe kitu kimoja cha baba. Siku ya kwanza mama alitoa kidogo. Siku ya nne alisimulia jinsi Leopoldi alivyokwenda kumposa akiwa na chupa ya asali, kizibo kikafunguka njiani, akafika ukweni na sisimizi suruali nzima. Alicheka hapohapo kwenye mkeka, hakukimbilia chooni. Picha ikarudi ukutani. Wakiishiwa, Yustina aliwaletea kofia, wakainusa kwa zamu, na mara zote mtu alipata kitu. Aliyekwama alisaidiwa na mwenzake. Zilikuwepo siku ambazo asubuhi ile ya mlangoni ilirudi kumchoma, haikufutika. Ikija, aliisindikiza mpaka stesheni, mpaka kwenye ule mdomo mrefu na kicheko, ndipo akaiacha.

Jumamosi ya kumbukumbu, baada ya misa na chakula, uwanja ulijaa wanajumuiya, wakulima wa tumbaku, Mwalimu Jenifa, na Mzee Pazi kwenye kiti cha mbele alichojichagulia mwenyewe. Yustina alisimama bila karatasi. Mama alikuwa amemshika Nestory mkono.

"Baba yangu Leopoldi," Yustina akaanza, "alikohoa mara tatu kabla ya kuimba besi, na wageni wote walidhani anaumwa."

Kicheko kikapita uwanjani. Akaendelea. Akawaambia kuhusu sisimizi, kuhusu mheshimiwa, kuhusu kidole cha asali alichowalambisha watoto wa abiria waliokuwa wakilia madirishani kwenye treni ya Kigoma. Kisha akamtazama Mzee Pazi. "Siku aliyokufa aliniaga, nikamnunia. Mwaka mzima nilikumbuka hilo tu. Sasa nimeambiwa kilichofuata: alikwenda stesheni akaniigiza, akacheka mpaka akaita watu. Nilikuwa nimeshika nusu moja ya asubuhi ile. Leo nimeipata nusu ya pili, na nimeileta hapa ili mnisaidie kuitunza."

Wanawake wakajifuta macho kwa kanga. Mzee Pazi, ambaye hakuzoea kunyamaza, akapaza sauti: "Semeni amina, enyi wabeba mizigo!" Uwanja mzima ukacheka na kulia.

Demetria akainuka. Haikuwa kwenye ratiba. "Jamani," alisema, "tulipofiwa nilidhani kunyamaza ni dawa. Nilificha kofia, nikaficha picha, nikaficha hata kicheko changu. Kumbe huzuni haihitaji kualikwa, njia ya nyumbani kwako inaijua. Furaha ndiyo ya kualikwa. Watoto, mkipata siku njema, msiipite kama mnakimbilia kengele ya shule. Simameni muitazame, muinuse, na jioni hiyohiyo muisimulie. Na mkifiwa, msimzike mtu mara mbili, mara ya kwanza kaburini na mara ya pili kwa kunyamaza. Mimi nimefundishwa na binti yangu."

Mwalimu Jenifa alipiga makofi kabla ya watu wote.

Yustina alikuwa amesimama pembeni ya mama yake. Akakumbuka alivyofundishwa, akaamua kuishika saa ile isimponyoke: moshi wa jiko, harufu ya pilau, vumbi la Agosti, mkono wa mama begani, meno mawili ya Mzee Pazi yaliyobaki yakionekana yote. Alitazama mpaka alipohakikisha ameviona vyote.

Karibu na mlango, Nestory alikuwa amevaa kofia ya pama iliyomfika puani. Marko, rafiki yake wa darasa la awali, alikuwa mbele yake na mfupa wa kuku mkononi.

"Kwani baba yako alikuwaje?" Marko aliuliza.

Nestory akaisukuma kofia nyuma, akakohoa mara tatu.

"Mrefu," akasema. "Kaa chini, mheshimiwa, mengine yanachukua muda."